Yoga shuleni

Yoga shuleni ni mafunzo ya yoga yanayotolewa kwa wanafunzi ndani ya ratiba ya shule, mara nyingi kama sehemu ya elimu ya viungo. Huenda pamoja na mazoezi ya utulivu wa akili, yaani kuelekeza mawazo kwenye pumzi, mwili na wakati uliopo.

Asili

Yoga ilitokea Uhindi ya kale, ikihusiana na dini za huko. Mazoezi ya utulivu wa akili yana mizizi katika Ubuddha. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianza kuyafundisha kwa wagonjwa huko Massachusetts, Marekani, bila mafundisho ya dini. Kutokana na asili hiyo, nchini Marekani kumekuwa na mabishano kama shule za umma zinaruhusiwa kufundisha yoga.

Kesi ya Encinitas

Mwaka 2012 shule za msingi za umma za Encinitas, California, zilianza vipindi vya yoga kwa msaada wa zaidi ya dola 500,000 kutoka Taasisi ya K.P. Jois. Baada ya wazazi kulalamika, majina ya Kisanskriti yaliondolewa. Hata mkao wa yungiyungi ulipewa jina la kitoto. Mwaka 2013 baadhi ya wazazi walifungua kesi iitwayo Sedlock v. Baird, wakidai kwamba shule zinaeneza dini. Jaji John Meyer alikubali kwamba yoga ina asili ya kidini, lakini akaamua kwamba vipindi vya Encinitas havikuwa ibada. Mahakama ya rufaa ilithibitisha hukumu hiyo mwaka 2015.

Alabama

Bodi ya elimu ya jimbo la Alabama ilipiga marufuku yoga katika shule za umma mwaka 1993. Sheria ya mwaka 2021 iliruhusu shule kuifundisha tena, kwa masharti: mikao itajwe kwa Kiingereza tu, salamu ya "namaste" isitumike, na mzazi atoe idhini kwa maandishi.

Utafiti

Utafiti wa MYRIAD nchini Uingereza ulihusisha shule 85 na wanafunzi zaidi ya 8,000. Matokeo yake, yaliyotolewa mwaka 2022, yalionyesha kwamba mafunzo ya utulivu wa akili hayakuwasaidia wanafunzi kuliko masomo ya kawaida ya stadi za kijamii na hisia. Wengi wao hawakufanya mazoezi nyumbani. Utafiti huo haukupima mikao ya yoga.