Nyumba Iliyotangulia Darasa: Malezi na Kusoma katika Jamaa za Wakristo wa Kwanza wa Buganda

Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Sisi walimu twapenda kuitaja methali hii tunapowalaumu wazazi kwa watoto wasiopenda vitabu. Ni mara chache tunapojiuliza swali lililo nyuma yake: kabla sisi hatujawapo, kabla ya ubao, chaki na kengele, ni nani aliyemfundisha mtoto kusoma?

Hapa Uganda swali hili lina jibu katika historia, na jibu lenyewe halimpi mwalimu wa shule nafasi ya kwanza. Herufi za Kilatini zilikaa juu ya mkeka, katika nyumba za watu wa kawaida, kwa muda wa miaka mingi kabla hazijapata darasa. Katika makala haya twakusudia kuitazama nyumba ile, yaani nyumba ya Mkristo wa kwanza wa Buganda, pamoja na watoto wake na shughuli zake ndogo za kila siku. Hatuandiki ili kuisifu dini moja juu ya nyingine. Twaandika kwa sababu kazi yetu ya leo ilizaliwa humo.

Neno lililokuwa tayari

Yafaa tuanze kwa haki. Elimu ya herufi haikuletwa Buganda na Wakristo. Ililetwa na Waislamu kutoka pwani, na mwaka 1844 mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alikwisha kufika katika ikulu ya Kabaka Suna II. Mwanawe, Kabaka Mutesa I, alijifunza herufi za Kiarabu, akafunga Ramadhani miaka kadhaa tangu 1867, na vijana wengi wa ikulu wakamfuata. Imani yao haikuwa ya mzaha: mwaka 1876 wengi wa vijana hao waliuawa kwa sababu waliishika dini kuliko walivyolishika neno la Kabaka.

Basi Wakristo walipofika, msamiati wa kusoma ulikuwa umekwisha kupiga hodi. Hata leo Mganda husema okusoma, ekitabo na ekkalaamu, na mwalimu wa Kiswahili hahitaji mkalimani kumwelewa. Tena neno kusoma lilibeba maana pana kuliko tuliyoizoea. Mtu aliyefuata dini aliitwa msomaji, na kwenda kusali kulikuwa kwenda kusoma. Kuamini na kutambua herufi vilikuwa mapacha.

Kiswahili chenyewe ndicho kilichokuwa daraja. Mwaka 1875 Stanley alimwacha kwa Mutesa kijana Dallington Maftaa, mwanafunzi wa shule ya misheni ya Unguja, ili amsomee Kabaka Maandiko kwa Kiswahili. Wamisionari wa Kianglikana waliingia Juni 1877, Alexander Mackay akawafuata Novemba 1878, na Mapadri Weupe wakafika Februari 1879. Hawakujua Kiganda, kwa hiyo walianza kufundisha kwa Kiswahili. Mackay, aliyekuwa fundi wa kila kitu, alikuwa na mtambo mdogo wa kupigia chapa, akatoa karatasi za herufi, silabi na sala. Karatasi hizo ndizo zilizobebwa na vijana hadi majumbani.

Mkeka mmoja, karatasi moja

Na tuingie sasa katika nyumba yenyewe. Ilikuwa ya mviringo, imeezekwa kwa majani, nayo ilisimama katikati ya migomba. Mama ndiye aliyelima shamba la ndizi, akamenya, akazifunga katika majani na kuzipika kwa mvuke. Watoto waliteka maji, wakaokota kuni, wakachunga mbuzi, wakasaidia kusuka mikeka. Jioni, baada ya chakula, ulikuwa wakati wa vitendawili. Mmoja huita, "Koyi koyi!" na wenzake hujibu, "Lya!", kama vile sisi tusemavyo "Kitendawili!" na kujibiwa "Tega!". Hapo mtoto alinolewa akili bila kujua kwamba yuko masomoni.

Lakini msomaji asidhani kwamba nyumba hiyo ilikuwa ya baba, mama na watoto wao tu. Desturi ya Waganda ilikuwa kuwapeleka watoto kulelewa kwa jamaa, na wavulana wengine walipelekwa kwa wakuu au ikulu ili wajifunze adabu na utumishi. Katika ua mmoja waliweza kukaa watoto wa baba na mama mbalimbali. Desturi hii ndiyo iliyokifanya kitabu kisambae upesi. Kijana aliyejifunza silabi ikulu alipokwenda kuwasalimu wazee, alikuta kundi zima la watoto na watu wazima wenye hamu ya kujua karatasi ile inasema nini.

Vitabu vilikuwa haba. Mara nyingi kitabu kimoja kiliwekwa chini katikati, na wasomaji wakakaa kukizunguka. Aliyekaa upande wa juu aliziona herufi kichwa chini, na aliyekaa pembeni aliziona ubavu. Ndiyo maana walikuwapo Waganda waliojua kusoma kitabu kikiwa kimepinduliwa, na wengine kwa upande. Wageni waliona jambo hili la kuchekesha. Sisi twaona humo somo kubwa la ualimu: mwenye nia ya kusoma hangoji kiti kizuri.

Zaidi ya hayo, Kanisa la Kianglikana liliweka sharti kwamba mtu asibatizwe mpaka aweze kuisoma Injili moja, isipokuwa wazee sana na vipofu. Sharti hilo liligeuza mambo nyumbani. Mwenye wajukuu sasa alihitaji kutambua ba, be, bi, na anayezijua ni mtoto. Katika jamii ambamo mtoto hupiga magoti mbele ya mkubwa, ikawa mkubwa aweza kuinama mkekani akimfuata mtoto kwa kidole. Heshima haikuvunjika, ila iliongezewa mlango wa pili.

Nyumba bila padri

Nguvu ya nyumba hizo ilidhihirika wakati wa shida. Novemba 1882 Mapadri Weupe waliondoka Buganda, wasirudi mpaka Julai 1885. Mtu angetazamia kwamba kundi dogo lililobatizwa tangu 1880 lingetawanyika. Haikuwa hivyo. Waliporudi waliwakuta wasomaji wakiwa wengi kuliko waliowaacha, kwa kuwa aliyejua alimfundisha asiyejua, nyumba kwa nyumba.

Mfano ulio bora ni Mityana, katika jimbo la Singo, mwendo wa kilomita 70 hivi magharibi ya Kampala. Huko aliishi Matiya Kalemba, mtu mzima mwenye cheo na familia, aliyebatizwa Mei 1882 baada ya kupita katika Uislamu na kusikiliza pia Waprotestanti. Pamoja na Luka Banabakintu na mfinyanzi Nowa Mawaggali waliwakusanya watu majumbani, wakasali na kufundishana. Hapakuwa na kanisa wala padri karibu. Palikuwa na ua, mikeka, na watu walioyashika mafundisho kwa moyo.

Kisha ulikuja wakati wa Kabaka Mwanga, ambapo kuwa na kitabu nyumbani kulikuwa hatari. Tarehe 31 Januari 1885 waliuawa vijana watatu wa Kianglikana, na mmoja wao, Yusufu Lugalama, alikuwa mtoto bado, aliyelelewa nyumbani kwa wamisionari. Mwaka uliofuata mateso yalipamba moto. Matiya aliuawa kuanzia tarehe 27 Mei 1886, akafa tarehe 30 Mei. Siku iliyofuata Nowa aliuawa kule Mityana, na tarehe 3 Juni wengi wakachomwa moto Namugongo, Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Munaku, dada yake Nowa, alijitokeza mwenyewe mbele ya wauaji, lakini alichukuliwa mateka. Watu wengi hukumbuka moto wa Namugongo. Yafaa tukumbuke pia kwamba imani iliyochomwa pale haikufundishwa darasani. Sehemu kubwa yake ilifundishwa mkekani.

Gharama iliyolipwa ndani

Hata hivyo historia isiwe wimbo wa sifa tupu. Ili abatizwe, mwanamume mwenye wake wengi alitakiwa abaki na mmoja. Matiya Kalemba mwenyewe alibaki na mke mmoja, Kikwanguja, akawaacha wengine. Twamsifu kwa kulishika neno lake. Lakini kila mwanamume alipomchagua mke mmoja, wanawake wengine walifunga mizigo yao, na watoto wakabaki kati ya nyumba mbili. Majina ya wanawake hao hayamo katika orodha za mashujaa. Mwalimu anayeisimulia habari hii kwa wanafunzi hana budi kuwapa nafasi nao, kwani jamaa ya Kikristo ya mume mmoja na mke mmoja, ambayo leo twaiona kuwa jambo la kawaida, ilijengwa kwa machozi ya baadhi ya watu ambao hawakuulizwa.

Kitabu ndani ya mkebe

Baada ya vita vya dini kutulia, kusoma kulifurika kama mto. Tangu 1894 zilijengwa nyumba ndogo za kusomea, zilizoitwa masinagogi, katika vijiji vingi, na vitabu viliuzwa kwa kauri. Mwaka 1896 George Pilkington, akisaidiwa na Waganda, alimaliza kutafsiri Biblia nzima kwa Kiganda. Chapa moja ya Biblia hiyo ilitengenezwa fupi na nene ili ienee katika mkebe wa biskuti, maana mchwa walikuwa adui mkubwa wa vitabu. Natuupige picha mkebe ule: umekaa mahali pake ndani ya nyumba, si mapambo ila ni hazina. Jioni hufunguliwa, kitabu hutolewa, husomwa, kisha hurudishwa. Tendo dogo hili, lirudiwalo kila siku mbele ya macho ya mtoto, ni mahubiri makubwa kuliko maneno yetu mengi.

Mwaka 1895 walifika wamisionari wa kwanza wanawake, watano kwa idadi, nao wakaanza kuwafundisha akina mama na watoto. Hatimaye zikaja shule za bweni: Namilyango mwaka 1902, Gayaza ya wasichana mwaka 1905, na Budo mwaka 1906. Faida zake hatuwezi kuzikana, kwani sisi wenyewe ni matunda ya shule. Lakini polepole mzazi alianza kuamini kwamba kusoma ni kazi ya mahali pengine. Mkeka ukaachia kiti, na mama aliyekuwa mwalimu akawa mlipa karo.

Kiswahili nacho kilisogezwa kando. Mackay alikuwa na tumaini kwamba siku moja kingekuwa lugha moja ya Afrika ya Kati. Askofu Tucker, katika kumbukumbu zake, alilikataa tumaini hilo waziwazi, akikiona Kiswahili kuwa karibu mno na Uislamu. Kiganda kilistahili vitabu vyake, wala hatukionei wivu. Lakini lugha iliyofungua mlango iliachwa kizingitini.

Chakula cha pamoja

Nyumba ya Kikristo ilitikiswa tena na uamsho wa Balokole. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church walikutana Namirembe. Moto wao ukaenea kutoka Gahini, Rwanda, hadi Kigezi, Buganda na kuvuka mipaka. Wengi hukumbuka nyimbo na maungamo ya Balokole. Sisi twataka kutaja chakula. Kwa desturi mwanamume alikula peke yake au na wageni wake, na mwanamke wa Kiganda hakuruhusiwa kula kuku wala mayai. Katika nyumba za Balokole mume alikaa pamoja na mkewe na watoto wake, wote wakala chakula kilekile, kuku na mayai yakiwamo, kisha wakasali pamoja. Mume aliweza kumwomba mkewe msamaha watoto wakisikia. Kwa wazee wengi hiyo ilikuwa aibu. Kwa mtoto aliyekuwapo, lilikuwa somo la usawa ambalo hakuna kitabu cha uraia kingeweza kulifundisha vizuri zaidi.

Wajibu wetu

Tumepita miaka mingi kwa hatua chache. Tukijumlisha, twaona kwamba kilichosambaza kusoma katika Buganda hakikuwa wingi wa vitabu wala majengo. Vilikuwa vitu vitatu vidogo: kitabu chenye heshima ndani ya nyumba, wakati maalumu wa jioni, na mkubwa asiyeona haya kujifunza mbele ya mtoto. Vitu hivi havina dini moja. Vilikuwapo katika chuo cha Kurani, vilikuwapo Mityana, na vyaweza kuwapo katika nyumba yoyote yenye taa.

Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Twalipokea jambo hilo kwa furaha, lakini tusijidanganye. Somo lililo la lazima shuleni na geni nyumbani ni kama maji yaliyotiwa katika pakacha. Basi, ndugu walimu, tunapowapa watoto kazi ya nyumbani, tuwape ile ambayo haiwezi kufanywa peke yao: kitendawili cha kumtegea bibi, barua fupi ya kumsomea baba, hadithi ya ukurasa mmoja ya kusomwa baada ya chakula. Mzazi asiyejua Kiswahili naye afundishwe na mwanawe, kama mababu walivyofundishwa silabi.

Kitabu kikiwa kimoja na watu ni wengi, na wakizunguke. Atakayekiona kichwa chini, naye atasoma.