Olimpiki ya waya wa shaba na swali ambalo redio ililikwepa

Desemba 2026 inatimia miaka 60 tangu Robert Chang wa Bell Labs, Marekani, achapishe makala iliyoonyesha kwamba data inaweza kugawanywa katika mawimbi mengi membamba ambayo masafa yake yanapishana bila kuharibiana. Wi-Fi, 4G, 5G na ving'amuzi vya antena vyote vimejengwa juu ya wazo hilo. Jina la Chang lenyewe halitajwi kwenye tangazo lolote la bando.

Hatua zilizofuata zinajulikana. Wahandisi Weinstein na Ebert walirahisisha hesabu mwaka 1971, na mwenzao Cimini akalielekeza wazo kwenye redio za mkononi mwaka 1985. Ugomvi ulizuka kwingine: kila wimbi libebe biti ngapi? Masafa hayalingani, moja ni safi, jingine limejaa kelele. Je, ifanywe kama kwa wapagazi wa bandarini, mwenye misuli apewe gunia na mnyonge kifurushi, au wote wabebe sawa?

Mwaka 1985 kampuni ya Telebit, iliyoanzishwa na Paul Baran, ilitoa modemu ya TrailBlazer. Iliipima laini ya simu kwanza, ndipo ikaamua: kati ya mawimbi yake 512, lililo safi lilipewa biti 6, la wastani 4 au 2, na bovu likaachwa. Dirk Hughes-Hartogs aliweka kanuni ya ugawaji huo: biti inayofuata hupewa wimbi litakaloibeba kwa nyongeza ndogo kabisa ya nguvu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni za simu zilitamani kupitisha video kwenye waya wa shaba uliokwisha kufika majumbani. AT&T ilishikilia CAP, mfumo wa wimbi moja pana. Upande wa pili alisimama John Cioffi, profesa wa Stanford aliyeanzisha kampuni changa ya Amati mwaka 1991. Masimulizi ninayoyafuata hapa ni ya kambi yake, na mshindi huwa hasimulii kwa unyonge. Wapinzani walidai mawimbi mengi yanahitaji hesabu nzito mno kwa chipu za wakati ule.

Mwaka 1993 Bellcore, taasisi ya utafiti ya kampuni za simu za Marekani, ilizipambanisha mashine za kambi hizo maabara, shindano ambalo wahandisi waliliita Olimpiki. Mashine ya Amati, iliyogawa biti wimbi kwa wimbi, ilizishinda nyingine waziwazi, na Machi mwaka huohuo kamati ya viwango ya Marekani ikauchagua mfumo wake. Ungedhani yamekwisha. CAP iliendelea kuuzwa, na mabishano yakaendelea kwa miaka. Mwaka 1997 Texas Instruments iliinunua Amati kwa takriban dola milioni 395. Olimpiki ya pili ilifanyika mwaka 2003 kwa ajili ya VDSL, intaneti ya kasi zaidi kwenye waya uleule wa shaba, na mawimbi mengi yakashinda tena.

Redio ilikwenda njia yake. Wi-Fi ya 802.11a, mwaka 1999, ina mawimbi 48 ya data, na katika kila pakiti yote hutumia modulesheni moja, yaani kila wimbi hubeba idadi ileile ya biti. 4G nayo humpangia mtumiaji modulesheni moja kwa mawimbi yote anayopewa kwa wakati mmoja. Ving'amuzi vilivyoenea Dar es Salaam baada ya analogia kuzimwa 31 Desemba 2012 havina hata njia ya kuujibu mnara.

Sababu zipo. Anayetembea na simu hubadilisha hali ya kila wimbi kabla kipimo hakijafika mnarani, na kuripoti kila wimbi hula masafa yaleyale yanayogombewa. Aidha, usimbaji wa kurekebisha makosa hutandaza biti ili mawimbi mazuri yayaokoe mabaya.

Lakini hoja hiyo ni ya mtu anayetembea. Intaneti ya nyumbani kwa redio, yenye antena iliyofungwa paani ikitazama mnara uleule mwaka mzima, inakaribia zaidi waya wa Cioffi kuliko simu ya abiria wa daladala. Kuinyima ugawaji wa wimbi kwa wimbi kwa sababu za simu ya mkononi ni uvivu, na watunga viwango wanapaswa kulifungua upya faili hilo.