Adhabu Iliyopindukia Dhahiri

Dereva aliyelewa kokeini au bangi akamgonga mtu na kumvunja nyonga, huko Uingereza hushtakiwa kwa kusababisha madhara makubwa kwa kuendesha gari kwa hatari. Kosa hilo lilianza kutumika Desemba 2012, na kifungo chake hakizidi miaka 5. Akishahukumiwa, ana siku 28 za kuomba kibali cha kukata rufani. Hoja ya wakili wake takribani inajulikana kabla hajaiandika: kwamba adhabu ni "manifestly excessive". Ndiyo inayowatesa wafasiri.

Wengi huifasiri "adhabu kali mno". Kiswahili chake ni kizuri, sheria yake mbovu. Ukali si sababu ya rufani; kifungo gani si kikali kwa anayekitumikia? Istilahi ya Kiingereza inabeba mambo mawili: kwamba kipimo kimevukwa, na kwamba kuvukwa huko kunaonekana wazi. La pili ndilo lenye uzito. Majaji wa rufani hawajiulizi wao wangetoa miaka mingapi. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ililisema hilo mwaka 1954, na majaji wetu bado wanalirejea: adhabu haiguswi ila aliyeitoa awe amefuata kanuni isiyo sahihi, amepuuza jambo la msingi, au amepindukia kiasi cha kuonekana na kila mtu.

Tuseme dereva wetu amekiri kosa mapema kabisa, jambo ambalo kwa kawaida humpunguzia theluthi. Jaji akianzia miaka 5, anabaki na miezi 40. Wakili anayedai ingetosha miezi 36 atarudi mikono mitupu. Lakini jaji akisahau kukiri kule na kutoa miaka 5 kamili, hapo kosa linajionyesha lenyewe.

Dawa za kulevya zina mtego wake. Katika mwongozo wa adhabu wa Uingereza, kulewa sana ni kigezo kinachopandisha uzito wa hatia yenyewe. Jaji akikitumia hapo, kisha akakitumia tena kuzidisha kifungo, amehesabu mara mbili, na wakili makini huanzia hapo.

Kwa hiyo nachagua "adhabu iliyopindukia dhahiri". "Kupindukia" kunataja mpaka uliovukwa, "dhahiri" inamdai mrufani auonyeshe. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021 yakifanye Kiswahili lugha ya mahakama Tanzania, istilahi hii si ya kamusi tu. Inaandikwa kwenye hati za rufani.

Na kuikosea istilahi hii kuna gharama. Uingereza, mrufani haongezewi adhabu kwa rufani yake mwenyewe, ingawa rufani isiyo na mashiko huweza kumfanya apoteze sehemu ya siku alizokwisha kutumikia. Mahakama Kuu za Tanzania na Kenya zina uwezo wa kuipandisha adhabu. Anayelalamikia ukali bila kuonyesha mpaka ulivukwa wapi anamwalika jaji apige hesabu yote upya.