Miswada Iliyowapeleka Wabunge wa Afrika Mashariki Mahakamani

Oktoba 2006 Mahakama ya Afrika Mashariki ilitoa hukumu katika shauri namba 1 la mwaka 2005, na inasikitisha kwamba shauri lenyewe halitajwi nje ya vyumba vya wanasheria. Hukumu ile ililijibu swali ambalo Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki ilikuwa ikilikwepa tangu kuzaliwa: nani ana haki ya kuamua Afrika Mashariki ijadili nini? Tumezoea kuuliza nani anapitisha sheria, lakini anayechagua hoja za kuingia kikaoni huwa amekwisha kuamua mengi kabla ya kura, kwa maana hoja isiyofika mezani haina wa kuipinga wala wa kuiunga mkono.

Jumuiya ya kwanza, ile ya 1967, iliwaachia jambo hilo, kwa sehemu kubwa, marais watatu wa Kenya, Uganda na Tanzania. Idi Amin alipompindua Rais Obote wa Uganda Januari 1971, Mwalimu Nyerere wa Tanzania alikataa kuketi naye meza moja, na vikao vya wakuu vikakoma. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Mkataba mpya wa kuifufua, uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, ulijaribu kutorudia kosa hilo. Ibara ya 14 ililipa Baraza la Mawaziri kazi ya kuanzisha miswada na kuifikisha katika Bunge la Afrika Mashariki, lakini Ibara ya 59 ikampa mbunge yeyote ruhusa ya kuleta muswada wake binafsi. Milango ikawa miwili, na Mkataba haukusema wazi nini kifanyike wenye mlango mmoja wakitaka kuufunga wa pili.

Ugomvi haukuchelewa. Wabunge waliwasilisha miswada binafsi mwaka 2004, ukiwamo wa bajeti ya Jumuiya, wa majadiliano ya biashara na wa Baraza la Vyuo Vikuu. Septemba 2005 kilifanyika kikao kilichoitwa Baraza la Kisekta la Sheria, ambamo wanasheria wakuu wa serikali walikuwa na sauti kubwa. Kikaamua kwamba miswada inayogusa sera, mamlaka ya nchi au fedha iletwe na Baraza la Mawaziri. Wabunge watatu, Calist Mwatela wa Kenya, Lydia Wanyoto wa Uganda na Isaac Sepetu wa Tanzania, wakaenda mahakamani. Tazama namna walivyojipanga: mmoja kutoka kila nchi, ili asitokee wa kusema ni ugomvi wa taifa moja. Mahakama ikasema Baraza la Kisekta ni la mawaziri, na mwanasheria mkuu asiye waziri hawezi kukalia kiti hicho. Ikaongeza jambo zito zaidi: muswada ukishaingia Bungeni ni mali ya Bunge, na hautoki bila ridhaa ya Bunge. Maamuzi yaliyokwisha kufanywa hayakubatilishwa, hukumu ikatazama mbele. Nayo miswada haikuwa ya kipuuzi, kwani kufikia 2009 Jumuiya ilikuwa na sheria ya bajeti, ya majadiliano ya biashara na ya Baraza la Vyuo Vikuu.

Wapo wanaosema mawaziri walikuwa na hoja. Wabunge hawa hawachaguliwi na wananchi bali na mabunge ya nchi zao, hivyo iweje waziagize serikali? Hoja hiyo ina uzito, ila inasahau kwamba kuleta muswada si kuagiza. Na waziri anayeketi Arusha naye hakupigiwa kura na mwananchi kwa ajili ya kazi hiyo. Wengine wanahofia fedha na mamlaka ya nchi, ilhali Mkataba umekwisha kuweka kufuli mbili: Ibara ya 59 inazuia Bunge kuendelea na muswada binafsi unaotwika mzigo mifuko ya Jumuiya, na Ibara ya 63 inampa kila mkuu wa nchi uwezo wa kutoridhia, kiasi kwamba muswada uliorudishwa ukikataliwa tena hata na mmoja, unakufa. Mwenye kufuli mbili mlangoni hana sababu ya kumziba mgeni mdomo.

Kufuli hizo ndizo zilizopunguza thamani ya ushindi wa 2006, na hapo ndipo lawama inapostahili kwenda. Muswada wa kudhibiti mifuko ya plastiki, ulioletwa na mbunge kutoka Rwanda, ulisuasua kwa miaka huku serikali zikivutana. Rwanda ilikuwa imekwisha kuipiga marufuku mifuko hiyo tangu 2008, kwa hiyo msafiri aliyetoka Tanzania kupitia mpaka wa Rusumo na mfuko wa rambo mkononi alinyang'anywa upande wa pili wa mto, wakati muuza nyanya aliyemwacha nyuma aliendelea kufungia wateja kwa rambo zilezile. Mto mmoja na Jumuiya moja, lakini sheria mbili. Na kufuli si kikwazo pekee: leo nchi wanachama ni nane, michango yao huchelewa, na vikao vya Bunge vimewahi kukwama kwa kukosa fedha. Mbunge ana haki ya kuleta hoja, ila kikao cha kuipokea huenda kisiitishwe. Nayo mifuko ya plastiki ilikuja kupigwa marufuku Kenya Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019, kila nchi kwa tangazo lake na kwa tarehe yake.