Jedwali la katikati linaitwa namna gani?

Wandugu, wengi wetu tulisoma kilimo, si informatiki. Lakini leo mwenye kupata kazi katika mradi wa kilimo lazima atakutana na hifadhidata, na ndani yake swali hili: mkulima mmoja analima mazao mengi, zao moja linalimwa na wakulima wengi. Huo uhusiano unaandikwa wapi, na unaitwa namna gani? Watu wanalijibu tangu zaidi ya miaka 50, na hawajakubaliana.

Miaka ya 1960, IBM ilisaidia kujenga IMS kwa ajili ya safari za Apollo za kwenda mwezini. Data zilipangwa kama mti: kila mtoto na mzazi wake mmoja. Kwa vipuri vya roketi inafaa, sababu kipuri kinakaa ndani ya kifaa, kifaa ndani ya injini. Lakini maharagi hayana mkulima mmoja. Ukiyaweka chini ya mkulima, utayaandika mara mia kwa wakulima mia.

Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM huko San Jose, alipendekeza data zote zikae katika majedwali. Hapo uhusiano wa wengi kwa wengi ukapata makao: jedwali la katikati, namba ya mkulima huku, namba ya zao huku. Mwaka 1976 Peter Chen akauchora uhusiano kama almasi kati ya mistatili miwili. Katika mchoro wake almasi ina jina lake, tena inaweza kubeba habari zake yenyewe, kwa mfano asilimia ya muda ambao mfanyakazi anautoa kwa mradi.

Kisha zikaja maktaba za ORM, zenye kugeuza vitu vya programu kuwa mistari ya majedwali: Hibernate ya Gavin King mwaka 2001, Rails ya David Heinemeier Hansson mwaka 2004. Rails ilisema: tusipoteze muda kusanidi kila kitu, desturi itoshe. Jina la jedwali la katikati ni majina ya yale mawili, kwa mpangilio wa alfabeti. Hakuna mkubwa, hakuna mdogo. Lakini desturi hiyo inajua wingi wa Kiingereza tu: ukiandika Mkulima na Zao, itakuzalia «mkulimas_zaos»! Ni lazima uifundishe kwamba wingi ni wakulima na mazao, ndipo inakupa «mazao_wakulima».

JPA ya Java, mwaka 2006, ilichagua njia nyingine: upande wenye kumiliki uhusiano unatangulia. Usipoiambia nani anamiliki, inahesabu mahusiano mawili na kutumia majedwali mawili, moja likianza na mkulima, lingine likianza na zao.

Hii si mchezo wa herufi. Katika mradi mmoja nilipofanya stage, yalikuwepo majedwali mawili ya namna hiyo. Wenye kuandikisha walijaza moja au lingine, kufuatana na ukurasa waliofungua. Orodha ya kugawa mbegu ilisoma moja tu. Mama mmoja alifika na kikapu chake, fishi yake mkononi, na ordinatere ikasema halimi maharagi. Alirudi mikono mitupu na msimu ulikuwa umeshaanza.

Kwangu mimi, Chen alikuwa ameona mbali. Jina lililounganishwa tu linasema nani na nini, halisemi lini, wala eneo gani, wala mbegu gani. Rails yenyewe, mwaka 2006, ilileta njia ya kupita katika jedwali la katikati lenye jina na maisha yake.

Kwa hiyo, ukikaa na informaticien wa mradi, usimwachie yeye peke yake kazi ya majina. Mwulize: katikati ya mkulima na zao kuna nini? Sisi agronome tunajua: kuna msimu, kuna shamba, kuna mbegu. Basi jedwali liitwe «kilimo_cha_msimu», liwe moja tu, na kila tarehe na kila are ipate mahali pake.