Mapenzi ya Mkweche: Historia ya Pikapu za Kimarekani na Jamaa Aliyekosa Breki Mteremkoni

Leo tuwaache kidogo mastaa na ndoa zao, tuongelee mapenzi ya aina nyingine: mwanaume na gari bovu.

Kuna jamaa yetu mmoja, jina tunalihifadhi, anaishi Ohio, Marekani, miaka mingi sasa. Riziki yake ni kuendesha lori la mizigo. Siku moja akanunua pikapu kubwa ya mwaka 1965, nyekundu, inang'aa kama imetoka dukani jana. Kampuni nayo tuiache, maana kosa halikuwa la kampuni. Mpango wake ulikuwa aitengeneze taratibu na mwanawe wa miaka 14, ili kijana atoke kwenye simu na ajue kushika spana.

Wiki ya tatu, wako kwenye mteremko, jamaa akakanyaga breki. Pedeli ikazama mpaka chini, gari halishiki! Mtoto yuko pembeni yake, na mkanda hakuna. Akashusha gia, akakata kona kwenye majani, gari likapanda tuta na kusimama hatua mbili tu kutoka kwenye nguzo ya umeme. Anasema walikaa humo ndani kimya, hakuna aliyemtazama mwenzake.

Sasa ili uelewe kilichotokea, inabidi turudi nyuma kidogo.

Pikapu ilianza kama jembe. Mwanzoni mwa karne iliyopita wakulima wa Marekani walikuwa wananunua gari dogo la Ford Model T, wanaondoa sehemu ya nyuma, wanapachika sanduku la mbao la kubebea viazi, maziwa na nguruwe. Hao watu hakuna anayewajua kwa majina, lakini wazo ni lao. Kiwanda kilikuja baadaye. Mwaka 1917 Ford wakatoa Model TT ya kubeba tani moja, na mwaka 1925 wakaanza kuuza Model T yenye bodi ya pikapu kutoka kiwandani, bei dola 281. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mwaka 1948, ikaingia familia ya F-Series, ile ambayo mpaka leo inatamba.

Kwa kuwa mteja alikuwa mkulima anayeishi mbali na gereji, gari lilitengenezwa ili alirekebishe mwenyewe. Chasisi peke yake, bodi imefungwa juu kwa bolti. Ukifungua boneti ya pikapu ya miaka ya 60 unaona nafasi mpaka chini, mtu anaweza kuingiza miguu na kusimama karibu na injini. Mfano ni injini ya Ford ya silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, ile wanayoiita 300. Ilianza mwaka 1965 na ikaendelea kutengenezwa hadi 1996. Ni chuma kizito, na haina mkanda wa taimingi wa kukatika, ni gia kwa gia. Ndiyo maana hata leo mtu wa kawaida anaweza kuifufua nyumbani kwake.

Halafu kuna kisa cha kuku. Ndiyo, kuku! Miaka ya 60 mwanzoni nchi za Ulaya zilipandisha ushuru kwa kuku wa Marekani. Marekani ikakasirika, na kuanzia mwaka 1964 ikajibu kwa ushuru wa asilimia 25 kwenye magari madogo ya mizigo kutoka nje. Ugomvi wa kuku ukasahaulika, ushuru ukabaki. Kampuni za nyumbani zikapata ukuta wa kujikinga, na pikapu zao zikaendelea kunenepa bila wasiwasi mkubwa.

Mwaka 1975 ikazaliwa F-150. Sheria mpya za moshi zilibana zaidi magari ambayo uzito wake pamoja na mzigo haukufika pauni 6,000, kama kilo 2,700. Ford wakatoa gari lililovuka kidogo mpaka huo. Ujanja wa mjini!

Polepole jembe likageuka pambo. Watu wasiojua hata kukamua ng'ombe wakaanza kuendea pikapu ofisini, na zile kuukuu zikawa mali ya kuringia. Pesa ilipoingia, rangi nayo ikaingia. Na hapo ndipo jamaa yetu aliponasa.

Majimbo ya kaskazini kama Ohio humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi ili barafu iyeyuke. Chumvi hiyo inakula chuma kutokea chini, ndiyo maana wajuzi wanatafuta magari ya majimbo makavu kama Arizona. Muuzaji alipaka rangi juu, chini akaacha kutu. Paipu moja ya breki ilikuwa imeoza, ikapasuka. Na magari mengi ya zama zile yalikuwa na mfumo mmoja tu wa breki kwa magurudumu yote manne: mafuta yakivuja sehemu moja, umekosa zote. Mfumo wa njia mbili, ambapo upande mmoja ukifa mwingine unabaki, ulienea mwishoni mwa miaka ya 60.

Mke wake alisema neno moja: "Baba watoto, uza."

Hakuuza. Alimwendea jirani, mzee mkulima mstaafu. Mzee hakuitazama rangi hata kidogo. Alilala chini na nyundo ndogo, akawa anagonga chasisi. Palipolia vizuri akapita, palipolia kama debe akaweka alama ya chaki. Kisha akapitisha sumaku kwenye milango: isiponata, hapo ni puti, bati limeshaliwa.

Akawapa utaratibu: breki kwanza, usukani wa pili, matairi, halafu njia ya mafuta, maana tenki la magari yale liko nyuma ya siti mnayokalia. Injini baadaye. Rangi mwisho kabisa.

Imewachukua miaka miwili. Paipu zote mpya, masta silinda ya njia mbili, mikanda, vipande vya chasisi vimechomelewa upya. Rangi nyekundu imebanduka nusu na hawajaigusa. Kijana ndiye aliyefunga breki za nyuma, na siku ya majaribio alikaa pembeni ya baba yake, mteremko uleule. Likashika.

Mama yake alipanda mwezi uliofuata, baada ya kuuliza mara tatu.

Haya wadau, wewe ungeuza au ungebaki nalo? Tiririka hapo chini.