Mlima Mmoja, Mikweo Kumi

Hakuna dhihaka inayozidi ile ya kumwambia mtu anayepanda kilima cha Wazo jijini Dar es Salaam kwa baiskeli, jasho linamtiririka na pumzi zinamwishia, kwamba yuko kwenye mteremko. Hata hivyo ndivyo anavyoambiwa na Kiswahili cha mezani. Hisabati ililichukua neno mteremko ikalitumia kupimia ukali wa mstari wowote, uwe unakwenda juu au unakuja chini. Waliofuata wakalibeba lilivyo na kulibandika kwenye maelezo ya njia za baiskeli, bila kujiuliza msomaji ataelekea upande gani. Ndiyo maana unaweza kukutana na “mteremko wa asilimia 11” ambao waendeshaji wanaukabili kwa gia nyepesi kuliko zote, na walioshindwa wanashuka na kukokota. Neno linalofaa lipo, nalo ni mkweo, wingi wake mikweo. Kwamba halijagongwa muhuri wa kamati ya istilahi si kasoro ya neno.

Tuanze na kosa lenyewe. Mteremko umetokana na kuteremka, na msemaji wa Kiswahili hawezi kulisikia jina hilo bila kukisikia kitenzi chake. Isitoshe, mitaani limekwisha kupata maana nyingine, ambayo wataalamu wa mezani ama hawaijui ama wanajifanya hawaijui: mteremko ni jambo lisilotaka jasho. Kazi ikiwa nyepesi ni mteremko. Kijana anayetaka mali bila kuhangaika huambiwa anapenda mteremko. Sasa mchukue mwendeshaji wa ridhaa wa Tegeta au Mbagala anayejiandaa kwa msafara kama Twende Butiama, ambamo baiskeli hutoka Dar es Salaam hadi kijijini kwa Mwalimu Nyerere mkoani Mara, zaidi ya kilomita elfu moja. Mpe karatasi ya mazoezi iliyoandikwa “Jumamosi: miteremko kumi”. Kwa Kiswahili chake safi ataelewa kwamba Jumamosi ni siku ya kuachia pedeli na kupunga upepo. Siku ya safari itafika miguu yake haijajifunza kitu, na lawama atabebeshwa yeye, si aliyeandika karatasi.

Wanaodhani huu ni ubishi wa maneno tu na waitazame Kigali. Septemba 2025 mji huo ulipokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Mbio za wanaume zilikuwa za kilomita 267.5, na ukijumlisha kila kipande cha kupanda unapata mita 5,475. Mji wenyewe uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Barabara ya Kimihurura, iliyotandazwa mawe ya kupangwa, ni ya kilomita 1.3 kwa wastani wa asilimia 6.3, na wanaume waliipanda mara 15. Kila mara ni mita 80 na ushei za kwenda juu, kwa hiyo Kimihurura peke yake iliwadai zaidi ya mita 1,200. Hapo pana vipimo vitatu visivyofanana: kimo cha mahali, ukali wa njia, na tendo la kupanda lenye mwanzo na mwisho. Kimo kimekwisha kupata jina katika jiografia, ni mwinuko. Ukali na upewe mwinamo, kwa kuwa kitu kilichoinama kimeinama tu, ukitazame kutoka juu au kutoka chini. Cha tatu ndicho yatima, nacho ndicho mkweo. Ukuta wa Kigali, kipande kingine cha mbio hizo, ni mkweo wa mita 400 juu ya mawe, wenye mwinamo wa asilimia 11, katika mji wenye mwinuko wa mita 1,500. Ajaribuye kuiandika sentensi hiyo kwa mteremko peke yake atajikuta anaandika kitendawili.

Na asili ya neno? Kukwea si kitenzi cha kuokota. Wazulu husema khwela, Wachewa husema kwera, Washona husema kwira, na wote wana maana ya kupanda. Wazulu hulitumia hata kwa kupanda chombo cha usafiri. Kiswahili kiliidondosha sauti ya l iliyokaa kati ya irabu, kama kilivyofanya kwa njala ya majirani zake ikawa njaa. Lakini sauti iliyodondoshwa haikufa, imejificha. Itazame inavyochungulia kwa sura ya z katika mkwezi, mtu wa minazi mwenye kamba miguuni na panga kiunoni, kama inavyochungulia katika mlezi aliyetokana na kulea. Itazame tena katika kukweza, na katika kujikweza, tabia ambayo baadhi ya wabunifu wa istilahi hawahitaji kufafanuliwa. Kutoka kitenzi hicho, jina la tendo linapatikana kwa njia iliyosafishwa zamani: kuelekea kumezaa mwelekeo, kuteremka kumezaa mteremko, kuinuka kumezaa mwinuko. Kukwea kuzae nini kama si mkweo? Sikubuni sarufi mpya. Nimefungua mlango ambao wengine waliupita wakienda kutafuta dirisha.

Pingamizi la kwanza huletwa kwa kicheko: mkweo ni mkwe wako. Ni kweli, kama vile mkeo ni mke wako, na sikatai kwamba mkweo mkali unaweza kumtoa mtu jasho kwa njia zote mbili. Lakini Kiswahili kina ngeli, na ngeli hazikuwekwa kwa mapambo. Mkweo huyu amefika. Mkweo huu umefika mwisho. Mikweo imetuchosha, wakwezo wamekuchosha. Mtoto wa darasa la pili hakosei hapo, na msemaji anayetofautisha panda ya barabara na kupanda mbegu hatababaishwa na ukwe. Pingamizi la pili lina uzito zaidi: watu wanasema mlima, mbona isitoshe? Haitoshi kwa sababu mlima ni mahali, na mkweo ni tukio. Anayekipanda kilima cha Wazo mara kumi asubuhi moja amemaliza mlima mmoja, mikweo kumi. Tena iko mikweo isiyo na mlima: Daraja la Mfugale pale Tazara lina mkweo, na hakuna mkazi wa Temeke atakayeliita mlima.

Wapo waliopendekeza mpando, na nakiri kwamba wamekaribia. Ila kupanda kumelemewa na kazi. Tunapanda mihogo, tunapanda daladala, bei zinapanda, na baiskeli yenyewe tunaipanda hata kwenye tambarare. Mpando wa baiskeli utakuwa upi, wa kukaa kwenye siti au wa kwenda juu? Kukwea hakuna utata huo. Wengine wanatuonya kwa mfano wa tarakilishi, neno lililotungwa kwa ustadi likashindwa na kompyuta. Mfano huo unanisaidia mimi. Tarakilishi ilikuta kiti kimekaliwa. Mkweo unakuta kiti kitupu, hakuna neno la kukopa lililozoeleka midomoni. Kikokotoo nacho kilikuwa neno la wachache mpaka mjadala wa mafao ya wastaafu wa mwaka 2018 ulipokitia katika kila kinywa Tanzania, kwa kuwa watu walikihitaji. Neno huishi kwa haja ya watu. Muhuri huja baadaye, na mara nyingine hauji.

Matumizi hayana mengi. Mtu wa ridhaa anayejiandaa kwa safari ndefu yenye mawe na vilima, iwe Kigali au kule Flanders nchini Ubelgiji, ambako siku moja kabla ya mbio za mabingwa watu wa kawaida huukabili mkweo wa Koppenberg, mita 600 za mawe zenye mwinamo unaofika asilimia 22, na aandike hivi: mikweo sita asubuhi, gia nyepesi, upepo wa tairi upunguzwe kidogo, na akae kwenye siti, maana akisimama juu ya mawe gurudumu la nyuma huserereka. Ameeleweka, na hakuna aliyeteremka. Anayeng'ang'ania mteremko na abaki nao, mradi safari yake aianzie kileleni.